Greji ya bafuni ikigeuka zambarau, kijani au tope: tafuta chanzo kabla hujafungua kopo lingine

Kwenye kadi ya rangi ya dukani greji ilikuwa nzuri, kijivu chenye joto kidogo, rangi ya kutuliza kabisa. Ukuta ukapigwa mkono wa kwanza, ukapigwa wa pili, ukakauka, usiku unaingia bafuni unawasha taa unakuta ukuta wa zambarau. Au wa kijani, ile kijani ya maji yaliyotuama. Au hauna rangi ya kueleweka, umekaa tu kama tope lililokauka. Na karibu kila mtu kitu cha kwanza anachofanya ni kwenda kununua greji nyingine, anapaka upya, afu na yenyewe inageuka vilevile maana kilichoigeuza ile ya kwanza bado kipo palepale bafuni.

Mimi bafu moja nimelipaka mara mbili kwa kosa hilohilo, na mara ya pili ndo nikaja kugundua kwamba shida ilikuwa balbu mbili za juu ya kioo. Ndo maana nasisitiza sana mpangilio wa kukagua: anza na taa, afu vitu visivyohama kama vigae na choo, afu hali ya ukuta wenyewe, na rangi iwe ya mwisho kulaumiwa. Ukianza na rangi utazunguka sana.

Kwa nini greji inasumbua kuliko rangi nyingine

Greji ni kijivu na biji zikikutana, hata jina limeunganishwa hivyo. Mashine ya kuchanganya inachukua rangi nyeupe ya msingi, inaidondoshea nyeusi kidogo, njano ya udongo kidogo na mara nyingi nyekundu kidogo, yaani matone tu. Sasa kwa vile hakuna iliyozidi sana, jicho halina cha kushika, linaamua hii ni rangi gani kwa kuangalia jirani zake na mwanga uliopo. Bluu iliyokolea itabaki bluu hata uiwekee taa gani. Greji haina nguvu hiyo.

Kuna kitu nitakiita rangi ya chini, yaani ile rangi iliyojificha ndani ya greji ambayo huioni mpaka hali fulani iitoe nje. Nyeusi na njano zikikutana zinatoa kijani ya zeituni, kwa hiyo greji iliyowekewa njano kuliko nyekundu inaegemea kijani. Nyekundu ikizidi inaegemea pinki au zambarau. Greji inayoitwa Revere Pewter ya kampuni ya rangi ya Benjamin Moore inajulikana kwa kuegemea kijani. Balboa Mist ya kampuni hiyohiyo inaegemea zambarau. Agreeable Gray ya Sherwin-Williams ina zambarau ya mbali sana, wengi hawaioni kabisa mpaka siku waiweke jirani na kigae cha njano njano. Elephant's Breath ya Farrow & Ball ina wekundu kidogo ndani yake na kwenye mwanga wa baridi inasogea kuwa urujuani. Hakuna hata moja hapo iliyo mbaya, kila moja ina mahali pake inapopendeza, ila ukiinunua bila kujua inaegemea wapi unacheza bahati nasibu.

Kuijua rangi ya chini sio kazi ngumu. Iweke kadi yako juu ya karatasi nyeupe kabisa, afu weka pembeni yake kadi nyingine tatu nne za greji. Ikiwa peke yake utaona "kijivu kizuri" tu, zikiwa pamoja ghafla moja inakuwa ya kijani, nyingine pinki, na unashangaa hukuliona hilo mwanzo. Na kama kadi ni ule ukanda wenye rangi kadhaa kutoka nyeupe mpaka iliyokolea, angalia ile ya chini kabisa iliyokolea, mara nyingi hapo haijifichi tena.

Kipimo cha karatasi, fanya hiki kwanza kabla ya yote

Chukua karatasi nyeupe ya kawaida, ibandike ukutani bafuni kwa gundi ya karatasi. Toka nje, kaa dakika kadhaa kwenye mwanga wa kawaida, afu ingia uitazame zile sekunde chache za mwanzo kabla jicho halijazoea. Fanya mchana taa ikiwa imezimwa, afu fanya usiku taa imewashwa.

Karatasi nayo ikionekana ya njano, au ya bluu, au ya kijani kijani, mwenye kosa ni mwanga, rangi yako haijafanya kitu. Karatasi ikiwa nyeupe safi na ukuta bado zambarau, basi ni rangi au ni majirani zake. Kuvitenganisha hivyo viwili, toboa tundu katikati ya karatasi, kubwa kama kisanduku cha kiberiti, iweke ukutani uangalie rangi kupitia tundu hilo huku karatasi imekuzibia vigae na sakafu. Zambarau ikiyeyuka ukabaki na kijivu, basi ni vigae vinavyoisukuma. Isipoyeyuka ni rangi yenyewe.

Sasa twende dalili moja moja.

Ukuta unageuka zambarau au pinki

Hii ndo inalalamikiwa zaidi na ina sababu tatu, wakati mwingine zote zipo pamoja.

Ya kwanza ni taa ya baridi juu ya greji yenye wekundu. Kwenye boksi la balbu kuna namba yenye herufi K mwishoni, hio ndo inakuambia mwanga ni wa joto au baridi: 2700K ni ya njano njano, 3000K bado ya joto ila imetulia, 4000K iko katikati, kuanzia 5000K mpaka 6500K ni ya bluu. Greji yenye nyekundu kidogo ukiipiga na mwanga wa bluu unapata zambarau, hesabu ya kawaida tu, nyekundu na bluu zinazaa nini? Badilisha ziwe za 3000K au 3500K, kaa nazo siku mbili tatu usiku na mchana. Na angalia pia namba ya CRI, kipimo cha jinsi balbu inavyoonyesha rangi kwa ukweli, mwisho wake ni 100. Chukua ya 90 kwenda juu. Balbu yenye CRI ndogo inaweza kuwa na K nzuri tu na bado ukuta ukaonekana mgonjwa, na sura yako kwenye kioo nayo hivyohivyo.

Ya pili ni vigae. Kigae cha krimu au biji ya njano kikikaa kando ya greji kinaifanya ionekane zambarau, maana jicho likishiba rangi moja linaitafuta ya kinyume chake kwa jirani. Hili lina historia nzuri kweli: mkemia Michel Eugène Chevreul alikuwa anasimamia kazi ya kutia nyuzi rangi kwenye kiwanda cha Gobelins huko Ufaransa, na watu wakawa wanalalamika kwamba nyuzi nyeusi hazikolei. Akachunguza akakuta rangi haina kasoro, shida ni rangi za jirani ambazo nyuzi hizo zilifumwa nazo. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1839 na ndo hayohayo yanayotokea kwenye bafu lako leo. Kwa hiyo kama vigae vyako ni vya njano njano na huna mpango wa kuvibomoa, usihangaike na greji yenye zambarau hata chembe, tafuta inayoegemea biji zaidi, mfano wake ni Accessible Beige ya Sherwin-Williams, au inayoegemea kijani kidogo. Greji inayofanana rangi ya chini na kigae haigombani nacho.

Ya tatu watu wanaisahau: sakafu. Sakafu nyekundu, au zulia la bafuni jekundu, au pazia la kuogea la waridi, mwanga unagonga pale unapanda ukutani. Bafu ni chumba kidogo, kuta zinatazamana karibu karibu, rangi inadunda huku na huku mpaka inakolea. Ondoa zulia na pazia kwa siku moja uone. Ni bure.

Ukuta unageuka kijani

Kwanza uliza dirisha linaangalia nini. Kukiwa na miti au ukoka nje, mwanga unaoingia umeshapita kwenye majani, na mchana kutwa bafu litakuwa na kijani hata ungepaka nyeupe. Vioo navyo, kioo kinene cha kawaida ukikitazama ukingoni ni cha kijani, na mlango mkubwa wa kioo wa mahali pa kuogea unaongeza kijani yake kwenye ukuta ulio nyuma yake, kwa hiyo ukuta wa ndani ya kioo na wa nje hautalingana na hilo halina dawa ya rangi. Unalikubali, au wakati wa kununua kioo unachagua kile kilichopunguzwa madini ya chuma ndani yake ambacho ni cheupe zaidi.

Afu vigae vya pinki. Zile biji za zamani zenye upinki ndani yake zinasukuma greji iende kijani, ni ile hadithi ya Chevreul lakini kwa upande wa pili. Hapa usichague greji ya kijani ukidhani "itafuta" upinki wa vigae. Inaukuza! Vigae vitazidi kuwa pinki na ukuta utazidi kuwa kijani, utapata vitu viwili vinavyopigana chumba kizima. Chukua greji yenye upinki wa mbali kama wa vigae, au kijivu cha joto chenye rangi ya chini ya kahawia.

Kama hakuna miti wala vigae vya pinki na karatasi nyeupe inaonekana sawa, basi ni rangi ya chini ya greji yenyewe, imetoka wazi. Kijani hii sio lazima iwe tatizo lakini. Kwenye bafu lenye marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu, au mbao, greji yenye kijani kidogo inapendeza kuliko zote na mimi binafsi naipendelea maana inaendana na ngozi ya mtu kwenye kioo vizuri zaidi ya zambarau. Kabla hujaifuta, itazame na taulo nyeupe na mbao au kikapu mle ndani.

Ukuta unageuka njano, unaonekana mzee

Balbu za 2700K, tena nyingi. Hapo jibu ni jepesi, panda mpaka 3000K au 3500K. Zikishakuwa 3000K na bado ni njano, angalia choo na sinki: vile vya krimu vya zamani vinafanya kila kitu kionekane kimevuta umri, na ukiweka greji ya njano pembeni yake hali inazidi.

Ila kama njano iko kwenye mlango, fremu na mbao za pembeni tu, na zilipakwa rangi ya mafuta nyeupe, hio ni habari nyingine kabisa. Rangi ya mafuta inageuka njano taratibu ikikosa mwanga, na bafu lisilo na dirisha ndo mahali pake. Greji ukutani iko salama, ni nyeupe iliyo kando yake ndo imehama na imeiburuta. Piga msasa mwepesi, praima (ile rangi ya kutangulia inayoshikisha), afu rangi nyeupe ya maji. Watu wamebadilisha ukuta mzima kwa ajili ya fremu moja ya mlango.

Ukuta umekuwa kijivu baridi, ile biji imepotea

Balbu za 5000K kwenda juu, basi. Au dirisha lisilopata jua. Ukiwa kaskazini ya mbali ya ikweta dirisha linalotazama kaskazini linapata mwanga wa anga tu, wa bluu bluu, na ukiwa kusini ya mbali ni dirisha la kusini ndo linapata huo. Karibu na ikweta jua linahama upande kwa upande kufuatana na miezi, kwa hiyo greji uliyoipenda mwezi wa sita inaweza kukushangaza mwezi wa kumi na mbili. Dirisha la mashariki ni joto asubuhi na baridi jioni, la magharibi kinyume chake. Uliza tu hili: bafu hili linatumika saa ngapi zaidi? Kama ni alfajiri na usiku basi dirisha halina neno sana, taa ndo itakayoamua, ichagulie rangi chini ya taa.

Ukiwa na vigae vyeupe vyenye ubluu na choo cheupe sana, greji ya kijivu kama Repose Gray itaonekana kijivu tu. Sogea hatua moja upande wa biji.

Tope. Chafu. Giza

Hapa kuna namba ingine ya kujua, LRV, kiasi cha mwanga ambacho rangi inarudisha, 0 ni nyeusi kabisa na 100 ni nyeupe kabisa. Makampuni makubwa huiandika nyuma ya kadi au kwenye maelezo ya rangi. Agreeable Gray ni 60, Repose Gray 58, Revere Pewter iko kama 55, Mindful Gray 48, Perfect Greige 42. Kwa bafu lisilo na dirisha au lenye kile kidirisha cha juu tu, mimi sishuki chini ya 58. Chini ya 50 unahitaji taa nyingi na nyeupe nyingi pembeni, la sivyo unapata tope.

Lakini sikiliza, kupandisha LRV peke yake hakuleti mwanga. Rangi haiwaki, inarudisha kilichopo tu. Bafu la giza lenye balbu moja katikati ya dari ukilipaka greji ya 70 utapata kijivu kilichofifia, kisicho na uhai, watu wanakiita "chafu" na wanaenda kupaka nyeupe ambayo nayo inakuwa kijivu. Ongeza taa kwanza, hasa mbili pembeni ya kioo kwa usawa wa uso, maana ya darini peke yake inamwaga kivuli kwenye kuta na chini ya macho.

Sababu ingine ya tope ni nyeupe mbovu pembeni. Greji inahitaji kitu kisafi cha kulinganishwa nacho. Grauti (ile ya kujazia kati ya vigae) iliyozeeka, silikoni yenye weusi pembeni ya beseni, swichi za krimu... ukuta mpya kando ya vitu hivi unaonekana umechafuka na yenyewe. Safisha grauti, badilisha silikoni, afu utazame tena ukuta. Nimeona bafu ambalo silikoni mpya peke yake ilimaliza malalamiko yote.

Imepauka, kama nyeupe iliyokosewa

Mwanga mwingi na LRV kubwa, kama dirisha la darini na rangi ya 69 au 70 kama Pale Oak. Shuka mpaka kwenye 55 hivi. Fupi tu.

Ukuta mmoja una rangi mbili

Kama upande wa dirisha na upande wa mlango ndo vinatofautiana na mpaka kati yao haupo wazi, ni mwanga tu, achana nao. Kama tofauti inaanza baada ya taa ya kioo, angalia balbu, maana mara nyingi moja iliungua ikawekwa ya K tofauti. Zote bafuni ziwe za namba moja na ikiwezekana za kampuni moja.

Mpaka ukiwa wazi, tena ulionyooka, ni makopo mawili. Hata namba ikiwa ileile, matone ya mashine hayalingani asilimia mia, na kwenye greji kosa dogo linaonekana maana rangi yote ni matone. Dawa yake ni kumimina makopo yote kwenye ndoo moja kubwa na kukoroga kabla ya kuanza. Ukishapaka tayari, rudia ukuta mzima kona mpaka kona, usitie kiraka katikati.

Na kama kuna kama fremu ya picha kuzunguka ukuta, pembeni imekolea na katikati imepauka, hio ni brashi na rola. Brashi inaacha rangi nene kuliko rola. Pita pembeni na brashi na uunganishe na rola pembeni ikiwa bado mbichi, ukuta kwa ukuta, sio kuzunguka chumba kizima na brashi afu kurudi kesho na rola.

Mng'ao nao unabadilisha rangi, hili linawachanganya wengi. Greji ya namba moja ikiwa mati (isiyong'aa) ukutani na glosi (inayong'aa sana) kwenye mlango zitaonekana rangi mbili, ya glosi inarudisha taa na dirisha kama kioo. Bafuni mati ya kawaida haifai sana maana haipendi kufutwa futwa, labda ile iliyotengenezwa maalumu kwa bafu. Mimi nakaa kwenye silki au nusu mng'ao. Ila ukuta wenye mabonde usiupake ya kung'aa, kila bonde litaonekana na kila bonde litakuwa na kivuli chake, na kivuli kwenye greji kinasomeka kama doa.

Madoa ambayo watu wanadhani ni rangi

Michirizi ya kahawia au ya manjano inayoteremka ukutani, inanata kidogo ukigusa, imetokea wiki moja mbili baada ya kupaka. Hiyo sio rangi kuharibika. Rangi ya maji ina viungo vinavyofanana na sabuni, ukuta ukipata mvuke kabla haujakomaa viungo hivyo vinatoka juu na kuteremka na maji. Osha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, inaweza kurudi mara moja au mbili, afu inaisha. Kinga yake ni subira: kugusa na kukuta pakavu ni saa chache, lakini kukomaa kwenyewe ni wiki 2 mpaka 4. Siku za mwanzo usioge maji ya moto mle ndani kama una pa kwingine, na kama huna, fungua dirisha na uache feni ya kutoa hewa iendelee kama nusu saa baada ya kuoga.

Vidoadoa vyeusi kwenye dari na kona ni fangasi. Kama huna uhakika ni fangasi au uchafu, dondoshea blichi kidogo: doa likififia haraka ni fangasi, likibaki ni uchafu. Sehemu 1 ya blichi kwa 3 za maji, acha dakika 10 mpaka 20, suuza vizuri, acha pakauke kabisa ndo upake. Vaa glavu, fungua dirisha, na usichanganye blichi na dawa ya choo wala kitu chochote chenye amonia, moshi wake ni sumu kweli. Kupaka greji mpya juu ya fangasi hai ni kuiwekea chakula tu, itatokea tena.

Duara la njano au kahawia darini ni maji, yaani bomba au paa linavuja juu yake. Tengeneza uvujaji, pakauke, piga praima ya kuzuia madoa, afu rangi. Bila praima hiyo doa litapenya mikono mitatu ya rangi.

Unga mweupe kama chumvi juu ya ukuta wa saruji ni chumvi kweli, maji yanapita ndani ya ukuta yanaileta nje. Isugue ikiwa kavu kwa brashi ngumu na utafute maji yanatokea wapi. Na ukuta uliopigwa lipu karibuni usiupake mapema, subiri kama wiki 4, maana saruji mbichi ina ukali unaoweza kuifubaza rangi kwa mabaka, na greji yenye mabaka unaweza kuilaumu bure. Praima ya kuhimili saruji ndo ya kuanzia.

Rangi ikibanduka kama ngozi ni karibu kila mara mabaki ya sabuni na mafuta ya mwili, au rangi ya maji imepigwa juu ya glosi ya mafuta bila msasa. Osha, msasa, praima. Hakuna mkato.

Ukiwa umekagua yote na kweli unabadilisha rangi

Usipake sampuli moja kwa moja ukutani juu ya rangi ya zamani. Ile ya zamani inaizunguka sampuli na kuidanganya, ukuta wa bluu utafanya kila greji ionekane ya chungwa. Paka kwenye ubao au karatasi ngumu, mikono miwili, kubwa angalau kama karatasi mbili za A4 zikiwa pamoja, acha pembeni ukingo mweupe. Acha ikauke kabisa, rangi ya maji mbichi kawaida inaonekana imepauka kuliko ikikauka. Afu izungushe: kando ya kigae, kando ya choo, nyuma ya sinki, kwenye kona yenye giza. Iweke imesimama wima, sio kuilaza, maana kilicholala kinapata mwanga mwingine. Asubuhi, mchana, usiku na taa. Siku mbili zinatosha.

Picha ya simu usiiamini hata kidogo kwenye hili. Kamera inajirekebisha yenyewe, ukuta wa zambarau inaufanya kijivu na wa kijivu inaufanya njano, na greji uliyoiona nzuri kwenye bafu la mtu ilikuwa na taa zake, vigae vyake na marekebisho ya picha juu. Ukimwomba muuzaji aige rangi ya kampuni moja kwa rangi ya kampuni nyingine, nayo ipake ubao kwanza, mfanano wake huwa wa karibu tu, na kwenye greji karibu haitoshi.

Chagua ukiwa umeshabadilisha balbu. Narudia hili makusudi kwa sababu watu wanachagua greji chini ya taa za zamani, afu wakimaliza kupaka wanaweka taa mpya nzuri, na wanaanza upya kabisa.

Na siku umeipata ile inayokaa sawa, andika kwenye karatasi jina la rangi, namba yake, kampuni, aina ya mng'ao, tarehe, na K ya balbu zilizokuwepo, uibandike ndani ya mlango wa kabati la sinki. Bakiza rangi kidogo kwenye chupa ya kioo iliyofungwa vizuri, jaza mpaka karibu na mdomo hewa isikae humo, uihifadhi mahali penye ubaridi, sio bafuni.